Kwa nini wahusika wa filamu zetu zinazosifiwa wananyamaza sana?

Mwenda_Sinema
Salaam wanajukwaa. Mimi si mhakiki na sijasomea sanaa. Ni mtazamaji wa kawaida wa Morogoro ambaye zamani alinunua tiketi na siku hizi hununua bando. Karibuni nimetazama filamu nne za kwetu, ambazo nyingine zilitoka zamani lakini zilikuwa hazijanifikia: *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, *Nairobi Half Life* ya David "Tosh" Gitonga, na *Binti* ya Seko Shamte. Zote nimezipenda kwa viwango tofauti, ila jambo moja linanisumbua, nami naliweka mbele yenu.

Katika *Vuta N'kuvute* msichana, Yasmin, anamtoroka mume aliyeozwa, anahamia mtaa wa Ng'ambo pale Unguja, anampenda Denge, kijana anayesakwa na polisi wa mkoloni, na bado watu wanatazamana zaidi ya wanavyosema. Picha zake ni nzuri ajabu. Zile kuta za Unguja na mwanga wake hafifu ningeweza kuzitundika sebuleni. Lakini Waswahili ninaowajua mimi hawanyamazi hivyo. Msichana akimkimbia mume mtaani kwetu, kabla ya magharibi shangazi watatu wameshafika, jirani ameshatoa hukumu, na muuza maandazi analo toleo lake la kisa. Katika *Supa Modo* nako, mama wa Jo, yule mtoto mgonjwa, anabeba uzito wote usoni, maneno machache.

Swali langu ni hili: kwa nini filamu zetu zinazosifiwa nje zimekuwa na wahusika wa kunyamaza, ilhali zile tulizozizoea mitaani zinasema mpaka masikio yanachoka?

BintiNgambo
Ahsante kwa mada, mleta mada, lakini umetazama *Vuta N'kuvute* huku masikio umeyaacha nje. Yale unayoyatafuta katika mazungumzo yamo katika nyimbo. Mwajuma, rafiki anayempokea Yasmin, ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, na si kwa bahati. Kwetu Unguja mwanamke hakuwa na lazima ya kusimama katikati ya ukumbi akatangaza yaliyomo moyoni. Aliimba, au aliinuka kumtunza mwimbaji kwenye ubeti uliomgusa yeye na kumchoma mwenzake, na kila aliyekuwemo ukumbini alijua umeelekezwa kwa nani. Taarabu ikishasema, mhusika akirudia kwa mdomo ni kutafuna mara mbili.

Mwalimu_wa_Riwaya
Nashukuru kwa mjadala. Nimeifundisha riwaya ya Adam Shafi, iliyozaa filamu hiyo, kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo nitajibu nikianzia kitabuni. Riwaya hiyo, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, imejaa maongezi. Yasmin ana miaka kumi na mitano, Raza ana hamsini na miwili, na msomaji anaingizwa katika tofauti hiyo na msimulizi mwenye ulimi, anayeeleza, anayekejeli, anayeona ndani ya vifua vya watu. Wanafunzi wangu humkumbuka Mwajuma kwa maneno yake kuliko kwa sura yake.

Filamu haina msimulizi huyo. Mwongozaji alikuwa na njia mbili: ama ayahamishe maelezo ya msimulizi na kuyaweka vinywani mwa wahusika, jambo ambalo lingewafanya waongee kama vitabu vya mwongozo wa mtihani, ama ayaache na kuutegemea uso wa mwigizaji. Amechagua la pili. Naheshimu uamuzi huo, ingawa nakiri kwamba wanafunzi niliowaonyesha waliuliza, "Mwalimu, mbona hawagombani kama kitabuni?" Tukumbuke pia kwamba riwaya ina nafasi ya kutembea, hata ikampeleka Yasmin na mumewe mpaka Mombasa, wakati filamu ina saa moja na nusu hivi. Kinachopunguzwa kwanza ni maneno.

Fundi_Sauti
Mabibi na mabwana, mmeshaingia kwenye falsafa kabla ya kupita jikoni. Mimi kazi yangu ni kushika maikrofoni. Sisemi juu ya filamu yoyote kati ya hizo nne, kwa maana sikuwapo. Nasema juu ya kazi yenyewe. Ukitaka kurekodi mazungumzo ya miaka ya 1950 katika mji wa leo, adui zako ni bodaboda, jenereta, honi, spika ya duka la simu na mtoto anayepiga kelele kwamba amemwona mwigizaji. Katika filamu ya kisasa, sauti hizo zinakubalika, hata zinapendeza. Katika filamu ya kihistoria, bodaboda moja imeharibu sentensi nzima, na ama mrudie, ama mwigizaji aje baadaye studio aseme upya huku akijitazama mdomo. Yote hayo ni fedha na muda. Mswada unapofika kwa mzalishaji mwenye bajeti finyu, tukio la watu wawili wanaotazamana dirishani huwa rahisi kuliko tukio la watu sita wanaogombana uani. Kuna ukimya mwingi mnaousifu kuwa ni sanaa ambao asili yake ni mvua juu ya bati.

Mkaazi_wa_Umoja
Nawasalimu kutoka Nairobi. @Fundi_Sauti ameeleza vizuri, na maelezo yake yanasaidia kufahamu kwa nini *Nairobi Half Life* haina ugonjwa huo. Mleta mada ameiweka katika orodha kisha akaikwepa, kwa sababu inamharibia hoja. Mwas, mhusika mkuu, anapoanza tu kuonekana, anauza filamu kijijini kwa kuigiza vipande vyake mbele ya wateja: anapiga risasi kwa mdomo, anakufa, anafufuka, anabadilisha sauti. Akifika Nairobi anaibiwa, anatupwa mahabusu, na hata pale anapolazimishwa kusafisha choo kichafu kuliko vyote duniani, anakigeuza kuwa jukwaa. Filamu hiyo haifungi mdomo. Ni ya mwaka 2012, ndiyo ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar, na Joseph Wairimu alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora huko Durban. Basi kusifiwa nje na kunyamaza si mapacha.

Mpiga_Soga
Nami nashangaa mtu wa Morogoro kulalamika juu ya ukimya. Mji mzima unaitazama milima ya Uluguru bila kusema neno.

Dada_wa_Toronto
Nimeona jina la *Vuta N'kuvute*, filamu ambayo niliitazama huku mwaka 2021, ilipokuja katika tamasha la Toronto, nikasema nisiwe msomaji tu. Tulioelewa Kiswahili ukumbini tulikuwa wachache, wengine wote walikuwa wakisoma tafsiri chini ya picha. Hapo nikatambua jambo ambalo nikiwa Tanga nisingelitambua: ukimya ule ulikuwa unawapa nafasi ya kumaliza kusoma. Mazungumzo yakiwa ya haraka, ya kukatizana, ya watu wanne kwa pamoja kama tunavyoongea sisi, msomaji wa tafsiri anabaki nyuma na uso wa mwigizaji haoni tena. Nadhani mwongozaji anayejua filamu yake itapita kwenye matamasha huandika akiwa na mtu huyo akilini, hata kama hajijui.

Sisemi kwamba ni kosa. Nilijivunia sana siku hiyo, hasa kwa vile hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar.

Mtunza_Kumbukumbu
Marekebisho madogo kwa @Dada_wa_Toronto: *Vuta N'kuvute* si ya kwanza kupelekwa na Tanzania. *Maangamizi*, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill, ilipelekwa mwaka 2001. Ni kweli kwamba baada yake ilipita miaka mingi bila filamu nyingine, ndiyo maana watu wengi huisahau. Naongeza kwamba kiini cha *Maangamizi* ni mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ambaye haongei. Kwa hiyo ukimya anaousema mleta mada una umri mkubwa kuliko matamasha haya ya sasa.

Dada_wa_Toronto
Ahsante, nimeelewa. Lakini mfano wako unaniunga mkono, maana nayo ilikwenda kwenye matamasha.

Kijana_wa_Tandale
Wakubwa, shikamooni. Nitasema lisilopendwa. Tatizo halipo kwenye filamu, lipo kwetu sisi watazamaji, kwa sababu tulifundishwa kutazama na Lufufu, yule mtafsiri wa filamu kwa sauti. Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, na sikuwahi kuona filamu ambayo ndani yake kulikuwa na nafasi tupu. Stelingi akitembea kimya msituni, Lufufu anatueleza anachofikiri. Adui akikunja uso, tunaambiwa anadai nini na anadaiwa na nani. Wakenya wanaye DJ Afro, mtafsiri wa aina hiyohiyo, ambaye nasikia humpa hata mpita njia jina na kabila. Mtu aliyelelewa hivyo akiwekewa Yasmin anayetazama bahari, anasubiri sauti ya kumwambia Yasmin anawaza nini, na isipokuja anasema filamu imenyamaza.

Nilimwonyesha jirani yangu *Supa Modo*. Alianza kuitafsiri mwenyewe, kwa sauti, kana kwamba tumelipa kiingilio.

Mkaazi_wa_Umoja
@Kijana_wa_Tandale, jirani yako ameielewa kuliko sisi sote. Katika *Supa Modo* yupo Mike, kijana anayeonyesha filamu pale kijijini, na shauku yote ya Jo kwa mashujaa inatoka kwenye kibanda cha namna hiyo. Kijiji kizima kinamwigizia mtoto ili aamini ana nguvu za ajabu, kisha wanamtengenezea filamu. Kuiita hiyo filamu ya kunyamaza ni dhuluma. Aliye kimya ni mama, naye ana sababu.

Mama_Wawili
Naomba niingie hapo kwenye sababu ya mama, kwa kuwa wengi mnaipita. Tulimuuguza mtoto wa dada yangu nyumbani baada ya kuambiwa hospitalini kwamba hakuna la ziada. Mleta mada anasema Waswahili hawanyamazi. Nami nasema njoo uketi katika nyumba ya namna hiyo. Wageni wanaongea sana, ni kweli: wanaleta maziwa, wanataja miti shamba, wanasimulia mgonjwa fulani aliyepona. Wenyewe wa nyumba hawasemi. Dada yangu alizungumza juu ya sabuni, juu ya uji, juu ya neti ya mbu, na lile jambo lenyewe halikutajwa na mtu, kwa sababu mtoto alikuwa na masikio na sisi tulikuwa na imani kwamba ukilitaja umeliita.

Nilipomwona yule mama katika *Supa Modo*, mkunga ambaye kazi yake ni kuwapokea watoto wa wenzake huku wa kwake anaondoka, sikuona filamu ya kizungu. Na yule dada mkubwa, Mwix, anayemtaka mtoto afurahi badala ya kulazwa tu, ndiye anayevunja ukimya huo, na ugomvi wao ndio moyo wa filamu.

Mpiga_Soga
Pole sana, Mama Wawili. Kwa maneno hayo naacha mzaha kwa muda.

Mwenda_Sinema
Nawashukuru nyote. @Mama_Wawili, maelezo yako yamenifanya nimtazame upya mama Jo, naye namwondoa kwenye shtaka. Yasmin na Denge simwondoi hata mmoja. Kijana aliyesoma nchi za nje, anayepinga ukoloni, ambaye kazi yake yote ni kuwashawishi watu wajiunge na harakati, anawezaje kuwa mchache wa maneno? Mwanasiasa wa Zanzibar wa miaka hiyo asiyesema ni kiumbe ambacho historia haikijui. Barazani watu walijadili siasa mpaka kahawa ikapoa. Pia hakuna aliyenijibu sehemu ya pili: kwa nini zile za mitaani zinasema mno?

Mtunza_Kumbukumbu
Sehemu ya pili ina jibu la kibiashara. Wengi wa nyota wa Bongo Movie walitoka katika maigizo ya televisheni. Marehemu Steven Kanumba, kwa mfano, alipitia kikundi cha maigizo cha Kaole. Maigizo yale yalijengwa juu ya mazungumzo, sebule moja na makochi, na mara nyingi waigizaji walipewa kisa kwa muhtasari na kubuni maneno wenyewe mbele ya kamera. Filamu zilipoanza kuuzwa kwenye diski, kisa kimoja kiligawanywa kuwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na mnunuzi alilipia zote mbili. Ukiwa na kisa cha saa moja na nusu na diski mbili za kujaza, njia rahisi ni mazungumzo: watu wasalimiane kwa kirefu, mtu apige simu na tuisikilize yote, gari litoke getini taratibu.

Mwalimu_wa_Riwaya
Nakubaliana kwa sehemu tu. Ikiwa maneno mengi yaliletwa na diski mbili, mbona diski zimekwisha na tamthilia za sasa za televisheni bado zinasema vilevile? Mimi naona chanzo ni kule kwenye vichekesho na michezo ya redio, ambako jambo lisilosemwa halipo kabisa. Kizazi kizima cha waandishi wetu wa maigizo kilijifunza kazi kwa masikio.

Mzee_wa_Avalon
Vijana, hamjambo. Nimewasoma tangu mwanzo na ninyi nyote mnazungumza kana kwamba sinema ilianza na diski. Sisi Dar es Salaam tulikuwa na Avalon, Empire, Empress, na ile ya kuingia na magari pale Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966, ambapo sasa pamejengwa ubalozi wa Marekani. Unguja walikuwa na Majestic na Cine Afrique. Picha tulizozipenda kuliko zote zilikuwa za Kihindi, na wengi wetu hatukujua Kihindi wala hakukuwa na maandishi ya Kiswahili chini. *Awaara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, watu waliikariri nyimbo zake mpaka mabaharia wakaziimba bandarini. Hatukuelewa sentensi hata moja, na tulilia.

Kwa hiyo nadharia ya huyu kijana wa Tandale, kwamba tunahitaji mtu wa kutueleza, mimi siikubali. Tuliweza kumwelewa mtu kwa jicho, kwa wimbo, na kwa namna mama alivyoshika mlango. Kama filamu ya leo inanyamaza na hamwielewi mhusika, basi ama mwigizaji hajajaza ukimya wake, ama ninyi mnatazama huku mnajibu ujumbe kwenye simu. Nashuku la pili.

Kijana_wa_Tandale
Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, ukumbi wenu haukuwa kimya. Baba yangu mdogo husimulia kwamba aliyeirudia picha mara nyingi ndiye aliyewaeleza waliokaa karibu naye, na watu walimwonya stelingi kwa sauti kwamba adui yuko nyuma ya pazia. Huyo mweleza wa kiti cha pembeni ndiye babu yake Lufufu. Mlikuwa naye, isipokuwa hakuwa akilipwa.

Mzee_wa_Avalon
Marahaba. Aliyefanya hivyo kwetu tulimtupia ganda la chungwa.

BintiNgambo
Mzee ametaja wimbo, nami narudi kwenye hoja yangu ya awali, ambayo mleta mada ameipita kama mtu anayepita msiba asioalikwa. Unasema Denge anapaswa kuhutubia. Denge anatafutwa. Katika nchi inayotawaliwa, yenye wapelelezi na watoa habari, mtu wa aina yake hahutubii kila kona; maneno yake yako kwenye karatasi zinazopitishwa kwa siri na kwenye vyumba vilivyofungwa. Barazani waliongea sana, sawa, lakini mpelelezi alikuwa palepale barazani akinywa kahawa hiyohiyo. Bibi yangu aliniambia kwamba miaka ile ulimjua mtu wa hatari kwa namna alivyoongea juu ya bei ya samaki tu.

Fundi_Sauti
Hoja ya BintiNgambo ni nzuri na inaupendezesha mswada, lakini haimzuii Denge kuongea akiwa chumbani na Yasmin. Hapo hakuna mpelelezi.

BintiNgambo
Hapo kuna Yasmin, Fundi. Nenda kaitazame tena.

Mpiga_Soga
Narejea kazini. Naomba Fundi aelezwe taratibu, amezoea kushika maikrofoni tu.

Mkaazi_wa_Umoja
Kabla hatujampoteza Fundi, kuna dhana moja inayozunguka humu, kwamba ukimya unaletwa na fedha na walimu wa kutoka nje. *Nairobi Half Life* na *Supa Modo* zote mbili zimetoka katika mpango mmoja, One Fine Day Films, ulioanzishwa na Tom Tykwer na Marie Steinmann wa Ujerumani, ambao huwakutanisha vijana wa hapa na wakufunzi. Mpango ni uleule, na filamu moja imezaa Mwas asiyefunga mdomo, nyingine imezaa mama Jo. Kama Wajerumani wangekuwa wanagawa ukimya, Mwas angepewa fungu lake.

Dada_wa_Toronto
Huo ni mfano wa filamu mbili, nao hauondoi nilichokiona ukumbini. Na Mwas huongea sana pale anapoigiza. Mtazame akiwa peke yake baada ya mambo kuharibika, utaniambia.

Mama_Wawili
Ninauliza la pembeni kidogo: *Supa Modo* inafaa kwa mtoto wa miaka tisa? Wa kwangu ameona picha ya Jo na anaitaka.

Mkaazi_wa_Umoja
Imetengenezwa kwa kuwazingatia watoto pia; Berlin mwaka 2018 ilionyeshwa katika kitengo chao. Ila kaa naye, na usimtangulizie mwisho.

Kijana_wa_Tandale
Kwetu kibandani angeshaambiwa mwisho tangu mlangoni.

Mwalimu_wa_Riwaya
Naona *Binti* haijaguswa na yeyote, ingawa imo katika orodha ya mleta mada. Humo kuna wanawake wanne, visa vinne, akiwemo Tumaini mwenye duka na deni linalomfuata, nao wanaongea kama watu. Ni filamu ya Kitanzania, imefika Netflix, na haikuhitaji kunyamaza. Iko wapi basi kanuni ya mleta mada?

Mwenda_Sinema
Nimeiacha makusudi kwa sababu inanichanganya, Mwalimu. Wanaongea, lakini nikiwahesabia mambo waliyoyasema kwa mtu aliyekuwa akiwasikiliza, yanabaki machache. Angel anakaribia harusi na mtu anayemtisha, na kila aliye karibu naye anazungumzia sherehe. Kwangu huo ni ukimya uleule, ila umewekewa maneno juu.

Mwalimu_wa_Riwaya
Sasa umeipanua mada mpaka haiwezi kushindwa: anayenyamaza amenyamaza, na anayeongea naye amenyamaza.

BintiNgambo
Mwacheni. Amekaribia kuielewa taarabu.

Fundi_Sauti
Mimi bado naishikilia mvua juu ya bati.